MUYAKA BIN HAJI: BINGWA WA MANENO MACHACHE

Katika barabara itokayo Kasese kwenda Bwera hata mpakani Mpondwe, malori yapitayo bila ya kuandikwa neno lolote ni machache. Nyuma ya bodi pana onyo kwa mahasidi, juu ya kioo pana shukrani kwa Mungu, na ubavuni pana nasaha kwa walimwengu. Kadhalika siku za soko hupita akina mama waliojifunga lesu zenye maneno kwenye pindo, na mengi ya maneno hayo ni ya Kiswahili, ijapokuwa mvaaji na muuzaji huenda wakazungumza Lukonzo nyumbani kwao. Sisi tulio katika utumishi wa ulinzi twayasoma maneno hayo kila siku. Pengine twacheka, na pengine hatuyatilii maanani.

Lakini sanaa hiyo ya kusema jambo zito hadharani kwa maneno machache ina historia ndefu, nayo ilikuwa na bingwa wake. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya bingwa huyo, Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa. Hakuwa liwali wala jemadari, wala hatumjui kwa jeshi aliloliongoza. Hata hivyo, katika vita vya zama zake maneno yake yalihesabiwa kuwa silaha, kwa marafiki na kwa maadui pia. Kwa sababu hiyo twaona kwamba habari zake zawahusu askari na polisi.

MJI WAKE NA ZAMA ZAKE

Wachunguzi wa fasihi wakadiria kwamba Muyaka alizaliwa Mombasa karibu na mwaka 1776. Mji huo, ambao wenyewe waliuita Mvita, umekaa juu ya kisiwa, na mlangoni mwa bandari yake ya zamani ipo ngome kubwa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wareno walinyang'anywa ngome hiyo na Waarabu wa Omani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa muda wa karibu miaka mitatu. Alipozaliwa Muyaka, ngome na mji vilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, ambao asili yao ilikuwa Omani lakini walikwisha kukataa kuamrishwa na watawala wapya wa huko, yaani ukoo wa Busaidi.

Yafaa msomaji afahamu jinsi mji ule ulivyotawaliwa, kwani bila ya kulifahamu hilo hawezi kuelewa kwa nini mtunzi wa mashairi alikuwa mtu wa maana. Liwali wa Mazrui alikuwa na ngome na mizinga, lakini hakuwa na jeshi kubwa lake mwenyewe. Watu wa kupigana walitoka katika koo za wenyeji ziitwazo Thenashara Taifa, ambazo ziligawanyika mafungu mawili, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, pamoja na marafiki zao wa bara. Mafungu hayo yalikuwa na wazee wao, fahari yao na magomvi yao ya tangu kale. Kwa hiyo liwali aliyetaka kwenda vitani ilimbidi kwanza aivute mioyo ya watu barazani, na mwenye uwezo wa kuivuta mioyo hiyo kwa ubeti mmoja alikuwa na thamani ya kikosi kizima.

USHAIRI WATOKA MSIKITINI

Kabla ya Muyaka, tungo za Kiswahili zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa hasa tenzi ndefu za dini: sifa za Mtume, habari za vita vya Uislamu wa kwanza, na mawaidha juu ya mauti na akhera. Tungo hizo zilipendwa sana, na nyingi zilitungwa Pate na Lamu kwa lahaja za huko kaskazini. Mjuzi wa ushairi alikuwa karibu sawa na mjuzi wa dini.

Muyaka alikwenda njia nyingine. Alitunga kwa Kimvita, lahaja ya mji wake, na akatunga juu ya mambo yaliyokuwa yakizungumzwa sokoni, bandarini na majumbani: siasa ya mji, mapenzi, ugomvi wa mume na mke, njaa na shibe, safari za bahari, marafiki wasiotimiza ahadi, na uzee unaomjia mtu kabla hajajiandaa. Wasomi waliokuja baadaye walisema kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Maneno hayo hayana maana kwamba aliidharau dini. Maana yake ni kwamba aliufanya ushairi kuwa mali ya watu wote, wa baharini na wa shambani, waliosoma na wasiosoma.

Chombo chake kikubwa kilikuwa shairi la mistari minne. Kila mstari una mizani 16, umekatwa katikati kuwa vipande viwili vya mizani nane nane, na vina vyake vyafuatana kati na mwisho. Ukihesabu, ubeti mzima ni mizani 64 tu. Ndani ya nafasi hiyo ndogo mtunzi hana budi kuleta habari, kuipamba, kuifumba na kuifunga. Askari wa mawasiliano atalifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Anapopewa nafasi fupi ya kupeleka taarifa kwa redio, kila neno lisilo na kazi huliondoa, na kila neno linalobaki lazima libebe mzigo wake. Tungo nyingi za Muyaka ni za ubeti mmoja au beti chache, wala hazihitaji kuongezwa.

Maandishi ya zama hizo yalikuwa ya herufi za Kiarabu. Shairi liliandikwa katika karatasi, likasomwa barazani kwa sauti, likahifadhiwa kwa moyo na waliosikia, kisha likapanda majahazi pamoja na nafaka na nguo kwenda miji mingine. Ikiwa lilikuwa na shutuma, mtunzi wa mji ulioshutumiwa alilijibu kwa mizani ile ile, na pengine kwa vina vile vile. Hivyo miji ya pwani ilijibizana, na watu wote walikuwa mashahidi.

VITA VYA SHELA

Mtihani mkubwa wa kwanza wa maneno hayo ulikuja karibu na mwaka 1812. Mombasa ilikuwa imeungana na Pate, na shabaha yao ilikuwa Lamu, mji uliokuwa ukikataa kuwa chini yao. Upande wa Mombasa alikuwako Muyaka, mtetezi wa Mazrui. Upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa kiongozi wa mji wake na mtunzi pia. Kabla ya panga kukutana, beti zilikutana. Mombasa ilitisha na kujisifu. Lamu ilijibu kwa ukali usiopungua, na wakati huo huo Mngumi aliwahimiza watu wake wajiweke tayari.

Hatimaye majeshi ya Mombasa na Pate yaliteremka Shela, ncha ya kisiwa cha Lamu yenye fungu kubwa la mchanga. Watu wa Lamu waliwakabili wakawashinda. Habari za wazee wa Lamu zasimulia kwamba waliokimbilia pwani walivikuta vyombo vyao vimekaa mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa, na hapo wengi waliuawa. Kwa miaka mingi baadaye mifupa iliendelea kuonekana katika mchanga wa Shela.

Hapa twawaomba wasomaji watue kidogo. Beti za Mombasa kabla ya vita zilikuwa nzuri, na hata maadui zake hawakukana ustadi wake. Lakini ubeti hauwezi kuongeza kina cha maji ufukoni. Aliyepanga kuteremka bila ya kuhesabu saa ya kujaa na kupwa hakuokolewa na fahari iliyokuwa imewashwa barazani. Na huenda fahari hiyo ndiyo iliyomfanya asihesabu. Lamu nayo ilikuwa na maneno yake makali, lakini iliyaunganisha na matayarisho. Baada ya ushindi huo watu wa Lamu waliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, naye akapata mlango wa kuingilia pwani hii. Kwa hiyo siku moja ya Shela ilibadilisha mambo ya miaka mingi.

KIBABA, DERAYA NA BARUTI

Mwaka 1814 liwali Ahmed bin Muhammad alifariki, na mwanawe Abdallah bin Ahmed akashika mahali pake. Huyu alikuwa mtu wa msimamo mkali, na Muyaka alikuwa karibu naye. Yasimuliwa kwamba ilipofika zamu ya kumpelekea Sayyid Said zawadi ya heshima kama ilivyokuwa desturi, Abdallah alimpelekea kibaba cha kupimia nafaka, deraya, na baruti na risasi kidogo. Hapakuwa na haja ya barua. Kila mtu aliyeviona vitu hivyo alijua kwamba Mombasa yasema haina cha kutoa, na kwamba autakaye mji na avae deraya aje mwenyewe.

Twakitaja kisa hiki kwa sababu chaonyesha hali ya watu wa zama zile. Ujumbe mfupi wenye fumbo ulikuwa sanaa ya mji mzima, kuanzia liwali hata mchukuzi wa bandarini. Muyaka alikuwa fundi mkuu wa sanaa hiyo, lakini hakuwa peke yake. Watu walikuwa na masikio ya kuisikia, na bila ya masikio hayo ufundi wake usingalifaa kitu.

Sayyid Said naye hakuwa mtu wa kusahau. Mnamo 1822 na 1823 majeshi yake yaliwanyang'anya Mazrui Pate na Pemba, na kisiwa cha Pemba kilikuwa ghala la nafaka la Mombasa. Abdallah alifariki mwaka 1823. Wazee walipoona hatari imekaribia, waliomba ulinzi wa Waingereza, na Februari 1824 Kapteni Owen wa manowari za Uingereza akaupa mji bendera yake. Serikali ya London haikuukubali mpango huo, na mwaka 1826 bendera iliteremshwa. Mombasa ikabaki peke yake.

Mwaka 1828 Sayyid Said alikuja mwenyewe na manowari zake, akapata kuweka askari ndani ya ngome kwa mapatano. Alipoondoka, liwali Salim bin Ahmed aliwazingira askari hao mpaka njaa ikawatoa. Sayyid Said alirudi tena, na mwaka 1833 alifanya shambulio jingine, lakini hakuuteka mji. Katika miaka hiyo yote Muyaka alitunga. Aliusifu mji wake kwa majina yake ya kale, akawaonya waliotaka kuujaribu, akawatia moyo waliokuwa kwenye kuta, na akawakejeli waliokwenda na kurudi mikono mitupu. Mtu aliyekuwa zamu usiku juu ya ngome alikuwa na beti hizo kinywani. Thamani ya jambo hilo askari yeyote aliyepata kukesha handakini aijua.

ADUI ALIYEINGIA KWA MLANGO WA NDANI

Mizinga ya baharini haikuiangusha Mombasa. Salim bin Ahmed alipofariki mwaka 1835, watu wa ukoo wake waligombania mahali pake, na yale mafungu ya wenyeji yakavutana, kila moja kwa upande wake. Wengine katika mji walimwita Sayyid Said kwa ridhaa yao. Mwaka 1837 aliingia Mombasa bila ya vita vikubwa. Viongozi wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba, wala hawakurudi. Waliosalimika walihamia Takaungu na Gasi.

Muyaka aliishi kuyaona hayo, kwani wengi wakadiria kwamba alifariki karibu na mwaka 1840. Zaidi ya miaka 20 alikuwa amewaelekezea maneno maadui wa nje, na mji ukaangushwa na fitina ya ndani. Twamwona kuwa mtu mkubwa, lakini hatuoni sababu ya kuficha kwamba silaha yake ilikuwa na mpaka. Neno fupi lililopangwa vizuri laweza kuwaunganisha watu kwa muda dhidi ya anayekuja kwa bahari. Ila haliwezi kuponya uadui wa jirani na jirani ikiwa wenyewe hawataki kuzungumza.

JINSI BETI ZILIVYOOKOKA

Maneno ya mtu aliyeshindwa mara nyingi hupotea. Ya Muyaka hayakupotea, na sababu ni kwamba watu wa Mombasa waliyaweka vifuani. Yapata miaka 40 baada ya kufa kwake, mwanachuoni mmoja wa mji huo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, alikuwa akizikusanya beti hizo kutoka kwa waliozihifadhi, pamoja na maelezo ya jambo lililosababisha kila moja. Alifanya kazi pamoja na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyeziandika kwa herufi za Kirumi. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor alichapisha kitabu cha methali za Waswahili. Beti zenyewe zilichapishwa mwaka 1940 huko Johannesburg na William Hichens, na mwaka 1979 Profesa Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu chake mjini Nairobi chenye uchunguzi wa maisha, lugha na siasa ya mtunzi huyo.

Maelezo ya Mwalimu Sikujua yana faida kuliko inavyodhaniwa. Ubeti wa Muyaka uliotenganishwa na kisa chake mara nyingi hauelekei popote. Utaona mtu azungumza juu ya nyumba, chombo au chakula, kumbe azungumza juu ya dola. Ndiyo maana wahenga walisema fumbo hufumbiwa mjinga, mwerevu huligangua.

KUTOKA KILINDINI HADI KASESE

Sanaa hiyo haikubaki katika karatasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa Mombasa walianza kuweka maneno mafupi katika kanga, ambazo huku Uganda twaziita lesu. Anayetajwa zaidi katika jambo hilo ni Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Maneno ya kwanza yalikuwa ya herufi za Kiarabu, kisha zikafuata za Kirumi. Mwanamke asiyetaka kugombana na jirani kwa mdomo aliweza kujifunga nguo akapita, na jirani akasoma.

Lugha nayo ilisafiri. Ililetwa na misafara ya biashara, ikashikwa na majeshi ya King's African Rifles, ikafuata reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na ambayo njia yake ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Upande wa pili, Kiswahili cha Kongo kilikuwa kikija kutoka Beni na Butembo hadi Kasindi. Njia hizo mbili zakutana katika daraja la mto Lhubiriha. Basi askari anayelinda hapo asimama mahali ambapo neno moja la Kiswahili huenda likawa na maana moja kwa mtu wa Mombasa na maana nyingine kwa mtu wa Butembo.

Jambo hilo si la mchezo. Watu wa mpaka huu wameonja damu: Novemba 1996 waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe, na Juni 2023 walipoishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Katika nchi iliyopata majeraha kama hayo, neno lililoandikwa ukutani kwa chaki laweza kumkimbiza mama na watoto wake usiku, na neno la dharau litokalo kinywani mwa askari kizuizini laweza kufunga vinywa vya kijiji kizima siku ambayo habari zao zahitajiwa sana.

Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, twaona kwamba maisha ya Muyaka yatupa mafunzo mawili ya kazi. La kwanza ni kusoma kabla ya kuhukumu. Likionekana neno ukutani au katika nguo ambalo maana yake haikufunguka, aulizwe mzee wa mahali pale, au mwalimu, au mama wa sokoni, kama Mwalimu Sikujua alivyowauliza waliojua. Aghalabu itakuwa ni mambo ya mke mwenza au mdeni. Na ikiwa ni onyo la kweli, ni wenyeji ndio watakaolitambua mapema.

La pili ni kupima kabla ya kusema. Muyaka alipima mizani 64, akaweka jina lake mbele ya watu, akakubali kujibiwa. Hakurusha neno gizani akajificha. Sisi nasi, tunaposimama mbele ya wananchi Bwera au Kasese, hatuna nafasi ya hotuba ndefu. Salamu, swali na agizo letu ni maneno machache, nayo hukumbukwa baada ya sisi kuhamishwa kituo. Inatupasa yawe maneno ambayo, yakirudiwa mbele yetu na mtu mwingine, hatutaona haya kuyakiri kuwa ni yetu.